Kolo, Nyero, Kakapel au Mfangano? Michoro ya wawindaji wa kale na uganga ulio nyuma yake

Wengi wakitaka kuona michoro ya miambani huanza kwa kuuliza ni kilomita ngapi kutoka Nairobi. Afadhali kuanza na nani alichora na alitaka kupata nini, kwa sababu mahali panne panapofikika kutoka hapa pamegawanyika mafungu mawili yasiyofanana. Kolo, wilayani Kondoa, Tanzania, kuna watu na wanyama: twiga, pofu (yule swala mkubwa mno), tembo, na binadamu warefu wembamba wenye vichwa vya mviringo. Nyero nchini Uganda, Kisiwa cha Mfangano katika Ziwa Victoria na tabaka la chini kabisa la Kakapel, upande wa Kenya, ni miduara, misokoto na mistari. Huko hutaona swala wala mwindaji. Anayekwenda Nyero akitarajia mnyama mwenye mshale ubavuni atarudi amenuna, na kosa si la Nyero.

Kuna mahali pa tano ambapo watu wa Nairobi hupataja kwanza kwa kuwa ni karibu: vilima vya Lukenya, kupita Athi River. Ni kweli chini ya miamba ile waliishi wawindaji kwa maelfu ya miaka, na zana zao za mawe zimechimbuliwa kwa wingi. Lakini michoro inayoonekana pale ni ya wafugaji, ile ya alama za ng'ombe na ngao ambayo morani wa Kimaasai huchora kwenye orpul, kambi yao ya kula nyama. Yapendeza, ila kwa somo hili tuiache.

Uganga wa mawindo: hoja maarufu, ushahidi haba

Maelezo ambayo kila mtu ameyasikia ni kwamba mwindaji alimchora mnyama ili ampate. Mwanaakiolojia Salomon Reinach aliyaeneza Ufaransa mwaka 1903, akiegemea habari za wenyeji wa Australia waliofanya matambiko ya kuongeza wanyama, na padri Henri Breuil akayashikilia kwa miongo kadhaa.

Kisa kinachorudiwa zaidi kilitoka Afrika. Mwaka 1905, katika nchi ya mto Kasai, Kongo, mtafiti Mjerumani Leo Frobenius aliwaomba wawindaji wa msituni wamtafutie swala wa kitoweo. Wanaume watatu na mwanamke mmoja walikataa kuondoka siku ile. Walisema lazima maandalizi yafanywe jua linapochomoza. Alfajiri aliwavizia. Walisafisha kipande cha ardhi kilimani, mmoja akachora swala kwa kidole mchangani. Miale ya kwanza ya jua ilipoangukia mchoro, mwanamke aliinua mikono akatamka maneno, na mwanamume mmoja akaupiga mchoro mshale. Wanaume wakatokomea kichakani. Walirudi na swala aliyechomwa shingoni. Baadaye wakaenda tena pale kilimani na kishungi cha manyoya na kibuyu cha damu, wakavipaka kwenye mchoro, wakaufuta.

Wanaokitaja kisa hiki kutetea michoro ya miambani huruka mwisho wake: mchoro ulifutwa. Uganga wa namna ile unahitaji picha ya asubuhi moja, juu ya mchanga, na kazi yake inaisha damu inapopakwa. Kumpaka twiga kwa ngeu, ile rangi nyekundu ya udongo, juu ya mwamba mgumu, akae karne na karne akiangaliwa na kila apitaye, ni kazi ya nia nyingine.

Kuna kipimo rahisi cha hoja hii. Linganisha mifupa iliyofukiwa sakafuni mwa pango na wanyama walioko ukutani. Kama uchoraji ulikuwa wa kutafutia chakula, orodha mbili zingefanana. Lascaux, Ufaransa, mifupa iliyookotwa karibu yote ni ya renidia, yule paa wa nchi za baridi, lakini kuta zimejaa farasi, ng'ombe mwitu na ayala. Renidia wa kuchorwa huenda ni mmoja tu. Kusini mwa Afrika, Patricia Vinnicombe alihesabu michoro ya milima ya Drakensberg, akakuta pofu ndiye anayetawala ukuta ilhali chakula cha kila siku kilikuwa wanyama wadogo kuliko yeye. Orodha hazifanani.

Hata hivyo tusiitupe hoja hii nzima, hasa kwa anayekwenda Kolo. Eric ten Raa, aliyekaa na Wasandawe miaka ya 1960, alikuta kumbukumbu hai za uchoraji na akaugawa mafungu matatu: wa kujifurahisha tu, wa uganga wa mawindo uliofanywa porini na mwindaji, na wa matambiko mahali pa kafara. Watu hawa ni majirani wa Kondoa, wanaishi upande wa Chemba, lugha yao ina sauti za kidoko, na walikuwa wawindaji hadi juzi juzi. Kwa hiyo Kolo ndipo pekee kati ya mahali hapa panne ambapo maelezo ya mawindo yana mtu wa karibu wa kuyashuhudia, na hata hapo ni fungu moja kati ya matatu.

Ngoma na kupagawa

Maelezo ya pili yamejengwa juu ya Wasan, wawindaji wa kusini mwa Afrika. Mwaka 1873 mwindaji kijana aitwaye Qing alimwongoza Joseph Orpen katika milima ya Maluti na kumweleza michoro. Katika miaka hiyohiyo Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd waliandika simulizi za Wasan huko Cape Town, daftari kwa daftari. Karne moja baadaye mtafiti wa Afrika Kusini, David Lewis-Williams, alirudi kwenye maandishi hayo akaonyesha kwamba michoro mingi inalingana na ngoma ya uponyaji: waganga wanacheza hadi wanapagawa, wanatoka damu puani, wanainama kwa maumivu ya tumbo, wanahisi mwili unarefuka au kugeuka mnyama.

Uzuri wa maelezo haya ni kwamba yana alama za kukagua kwa macho. Simama mbele ya ukuta utafute: mtu aliyeinama kiunoni kama aliyekatika, mikono iliyotupwa nyuma, mistari inayotoka puani, kichwa cha swala juu ya mwili wa mtu, kwato badala ya nyayo, miili iliyolala hewani. Ukikuta alama moja peke yake, usifanye haraka. Zikija tatu au nne katika mchoro mmoja, hoja ina nguvu.

Kolo zipo kadhaa. Binadamu wake ni warefu kupita kiasi, baadhi wana mistari mwilini, vichwa vikubwa kama nywele zilizofumuka, na hawana nyuso. Mchoro unaojadiliwa zaidi una watu watano: wa katikati ameshikwa mikono na pande mbili zinavutana. Mary Leakey, aliyenakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, aliuona kama utekaji wa mwanamke. Lewis-Williams akausoma kama mtu aliyepagawa akishikiliwa na wenzake. Wasandawe nao wana ngoma ya simbo, ambamo wachezaji hugeuka simba ili kupambana na uchawi, kwa hiyo hoja ya pili haikuletwa tu kutoka kusini ikabandikwa Tanzania. Tunaona ina uzito kuliko ya utekaji, ingawa mchoro wenyewe umefifia kiasi kwamba kila upande unaona mkono pale unapoutaka.

Mahali maelezo haya yanapoharibika ni kwenye miduara. Mwaka 1988 Lewis-Williams na Thomas Dowson walipendekeza kwamba maumbo kama nukta, gridi, misokoto na mistari ya kuvunjika ni yale ambayo ubongo wa mtu yeyote huyatoa anapoanza kupagawa. Wako waliolikimbilia wazo hilo kueleza kila duara duniani. Shida ni kwamba duara ni umbo ambalo mtoto wa chekechea huchora bila kupagawa, na huwezi kulikataa wazo lisiloweza kukosea. Kando ya Ziwa Victoria kuna maelezo bora zaidi.

Mvua na uzazi

Kuanzia nchi za ziwa hadi Zambia na Malawi kuna ukanda mpana wa michoro myekundu ya miduara na mistari, na mapokeo ya wakulima wa ukanda huo husema ilikuwepo walipofika, kazi ya watu wafupi wa msituni, Batwa. Benjamin Smith aliifuatilia Zambia na Malawi, Catherine Namono akaishughulikia Uganda, na wote wanaihusisha na mvua, rutuba na uzazi.

Chongoni, Malawi, iliyoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006 ikiwa na mapango 127, ndiyo inayoonyesha vizuri kilichotokea baadaye. Nyekundu ni ya Batwa. Juu yake kuna nyeupe ya Wachewa, inayohusiana na unyago wa wasichana na jamii ya siri ya Nyau. Wakulima waliwakuta wawindaji wakiheshimiwa kama wenye mvua na wenyeji wa ardhi, na walipowamiminikia au kuwameza, waliendelea kupatumia mahali palepale. Ndiyo maana michoro ya miduara mara nyingi iko mahali ambapo tambiko la mvua lilidumu hadi enzi za watu wanaokumbukwa kwa majina.

Kwa hiyo ukitaka kuona uganga ambao bado una wenyewe, ufuate huu. Ule wa mawindo umetoweka na wawindaji.

Mahali kwa mahali

Kolo inahitaji siku nne kwenda na kurudi ukitaka kuona zaidi ya pango moja. Njia ni Namanga, Arusha, Babati, kisha kusini kwenye barabara kuu ya Dodoma, ambayo sasa ni lami. Kijijini Kolo kuna ofisi ya mambo ya kale: lipa hapo, pata mwongozaji hapo, usipande mlima peke yako. Mapango yanayoitwa Kolo B1, B2 na B3 yako karibu kilomita 10 mashariki kwa barabara ya vumbi, halafu ni kupanda kwa miguu. Gari dogo hukwama mvua ikinyesha. Huko msimu wa mvua ni mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, kwa hiyo Juni hadi Oktoba ndio wakati. Ukibaki na siku ya ziada nenda Fenga, kaskazini, kwenye mchoro wa tembo aliyezungukwa na watu kama yuko mtegoni. Ndio ukuta unaofaa zaidi kwa mabishano ya mawindo dhidi ya ngoma. Pahi nako kuna nyeupe nene za wakulima, zilizopakwa kwa kidole. Eneo zima, kilomita za mraba 2,336, liliingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, mwaka uleule wa Chongoni, na mapango yaliyoorodheshwa yanazidi 150. Usijaribu kuyamaliza.

Nyero na Kakapel zifanye safari moja. Zote mbili ziko kwenye njia ya Malaba, na ni upungufu wa mipango kwenda Kakapel, kaunti ya Busia, karibu kabisa na mpaka, kisha kugeuza. Kakapel inasimamiwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na thamani yake ni matabaka: chini kuna miduara ya Batwa, juu yake ng'ombe wa pembe ndefu wa wafugaji, juu zaidi michoro ya wakazi wa baadaye. Kaa mbele ya ukuta mpaka uone mstari gani unakatiza mwingine. Wageni wengi huondoka baada ya dakika kumi wakiwa wameona ng'ombe tu, kwa sababu ng'ombe ndio wanaoruka machoni. Sakafu yake nayo ina habari: kunde zilizochimbuliwa hapo, zilizotangazwa mwaka 2024, zina umri wa takriban miaka 2,300, kwa hiyo wakulima walikuwa chini ya mwamba uleule mapema.

Kutoka Malaba unapita Mbale hadi Kumi, kisha Nyero ni mwendo mfupi kwenye barabara ya Ngora. Mkenya huvuka kwa kitambulisho. Kuna mapango kadhaa lakini lile la kukalia ni Nyero 2: ukuta mrefu chini ya jiwe kubwa lililoinama, wenye zaidi ya seti 40 za miduara myekundu, duara ndani ya duara, pamoja na maumbo marefu ambayo wengine huyaita mitumbwi na wengine maganda ya mgunga. Nyero 1 na Nyero 3 ni nyeupe. Zipitie upesi, kisha urudi Nyero 2. Kwa miduara peke yake, Nyero inaishinda Mfangano kwa wingi na kwa kuonekana.

Mfangano inashinda kwa kitu kingine: wenyeji wake. Pango la Mawanga, karibu na ufuo, ni la ukoo wa Wasamo, waliojulikana kwa kuleta mvua. Kwitone, juu mlimani, ni la Wagimbe. Miduara na misokoto, mingine yenye miale kama jua, imefifia zaidi kuliko ya Nyero, lakini hapa utamkuta mtu wa ukoo akueleze nani aliruhusiwa kuingia na kwa shughuli gani. Anzia kwenye jumba la makumbusho ya amani la jamii ya Abasuba pale kisiwani ili upewe mwongozaji na ruhusa. Kufululiza hadi pangoni ni utovu wa adabu na utarudishwa. Basi la usiku hadi Mbita, halafu boti. Panda boti ya asubuhi: mchana upepo wa ziwa huamka na mawimbi yake, na boti zilizojaa mizigo huchelewa kuondoka. Jaketi la kujiokoa lidai kabla ya kulipa nauli. Siku tatu zinatosha.

Asiye na siku hata mbili anaweza kuanza akiwa mjini. Taasisi ya TARA (Trust for African Rock Art), iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1996 na David Coulson, imepiga picha michoro ya bara zima, na maelfu ya picha zake yako wazi mtandaoni kupitia British Museum. Zitazame kabla ya safari yoyote. Jicho lililokwisha kuona pofu wa Kondoa kwenye skrini litamtambua kwenye mwamba, lisilomwona litapita.

Rangi, kamera na kinachoharibu

Nyekundu hudumu kuliko nyeupe, na sababu ni ya kikemia. Ngeu ni oksidi ya chuma iliyosagwa laini ikachanganywa na mafuta, damu au utomvu, nayo hupenya kwenye vinyweleo vya jiwe. Nyeupe, ya udongo au majivu, hukaa juu ya jiwe ikabanduka vipande. Mwaka 1930 huko Basutoland, Lesotho ya leo, mzee Mapote alimwonyesha Marion Walsham How namna alivyofundishwa na Wasan. Jiwe jekundu lilitakiwa lichomwe na mwanamke, nje, usiku wa mbalamwezi, hadi liwe kaa, kisha lisagwe kati ya mawe mawili. Lilichanganywa na damu ya pofu aliyechinjwa punde, kwa sababu damu iliyokaa huganda na hainywewi na mwamba. Pofu hawakupatikana, ikatumika ya ng'ombe. Brashi zilikuwa manyoya madogo ya ndege yaliyochomekwa kwenye ncha za matete, kila rangi na brashi yake. Tambiko na kanuni ya ufundi, basi, vilikuwa ndani ya chungu kimoja: damu mbichi ilikuwa nguvu ya pofu na pia ndiyo iliyoishikisha rangi.

Kwa sababu hiyo usimwagie mchoro maji ili ung'ae. Unang'aa dakika mbili, kisha chumvi za ndani ya jiwe hutoka na unyevu, zikaacha utando mweupe usiofutika. Soda ni mbaya zaidi, maana sukari inaleta ukungu na wadudu. Usiukolezee kwa chaki wala kuuweka kidole. Badala yake piga picha ukuta ukiwa wote kivulini au wote juani, kamwe si nusu kwa nusu. Zima flashi, ambayo hufuta rangi hafifu kwenye picha. Weka kipimo cha sentimita 10 pembeni bila kugusa jiwe. Halafu pitisha picha kwenye DStretch, programu aliyoitoa Jon Harman mwaka 2005, ambayo pia hupatikana kwa simu. Kati ya mipangilio yake ya rangi, kwa nyekundu anza na YRE au LRE, kwa nyeupe LWE. Misokoto ya Kwitone ambayo jicho linaona kama doa la kutu hutokea mizima mizima. Tahadhari tu kwamba programu hukuza pia kutu halisi na njia za maji, kwa hiyo umbo usiloliona hata kidogo kwenye mwamba usilihesabu.

Uharibifu mkubwa hautoki kwa watalii. Ni moshi wa jikoni na wa wachungaji chini ya mwamba, mbuzi wanaojikuna ukutani, nyumba za nyigu, wapasua kokoto kwenye vilima vya mpakani, na Kondoa kuna wanaochimba sakafu za mapango kutafuta dhahabu wanayoamini Wajerumani waliificha.

Lipo pia jambo ambalo wasimamizi wenyewe hawajakubaliana nalo. Mongomi wa Kolo, kwenye mapango yale ya Kolo, bado ni mahali pa kuomba mvua na kuganga wagonjwa kwa Warangi, wenyeji wa Kondoa. Pombe ya kienyeji hurushwa na kafara huchinjwa karibu na michoro. Wahifadhi wanalalamikia matone ukutani. Wazee wanajibu kwamba pasipo tambiko mahali hapo ni jiwe tu. Ukifika mkakuta shughuli inaendelea, mwongozaji atakuambia msubiri chini ya kilima. Subiri. Kamera ibaki mfukoni hadi mzee mwenyewe aseme mnaweza kupanda, na picha za watu na vyombo vya tambiko zisipigwe hata akishakubali michoro ipigwe, isipokuwa naye ataje hivyo.